Mkono Wangu wa Kulia

Jumatatu, 3 Machi

Mvua zimeanza leo, na zimeanza kwa fujo. Kocha alitutoa mazoezini hivyo hivyo. Alisema mbio za mwezi wa nne hazitatuuliza kama tumebeba miavuli. Tumerudi tumelowa chapachapa, na Wifi kachafuka kuliko wote, uso mzima matope ya gurudumu langu. Ndivyo tulivyogawana: mimi nakaa mbele nakata upepo, yeye anakaa nyuma anatunza nguvu na kula matope. Anasema tuko sawa. Sijui.

Wifi ni mke wa kaka yangu na ndiye kapteni wa timu yetu. Baiskeli ya mbio nilipandishwa naye. Jina la Ukuta, ninaloitwa na timu nzima, nilipewa naye pia.

Ijumaa, 7 Machi

Leo Kocha kabandika ramani ya mbio. Ni siku moja tu, asubuhi hadi alasiri. Zinapita njia yetu ya mazoezi, zinavuka kalavati, halafu zinamalizikia juu ya mlima wa tangi la maji. Mlima wa kwetu huo. Nimeupanda tangu nikitumwa dukani, najua kona ipi inakudanganya kwamba umefika. Nikakaa wima kwenye benchi kama mwanafunzi anayesubiri kusomewa matokeo.

Kocha akasema kapteni wa mbio ni Wifi, wote tumfanyie kazi ashinde. Ukuta anamfikisha chini ya mlima, kazi yake imeishia hapo.

Wifi akanipiga begani mbele ya wote. Akasema bila Ukuta wake yeye ni karatasi tu, upepo unaipeperusha. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa meno tu. Miaka yote hii nimekuwa nikimfikisha chini ya milima ya watu. Huu ni wa kwangu, na bado naishia chini.

Jumamosi, 8 Machi

Nguo hazikauki. Donge liko pale pale.

Jumanne, 11 Machi

Wifi ameanguka pale kalavatini. Mfupa wa mtulinga umevunjika. Kuna shimo pale, likijaa maji unaweza kudhani ni dimbwi la kawaida. Sikuliona. Nimechoka.

Jumatano, 12 Machi

Nimesoma nilichoandika jana nikajionea aibu. Humu namdanganya nani?

Nililiona. Lile shimo nalijua tangu mvua za mwaka jana.

Ngoja niandike vizuri nisijipige chenga tena. Kwenye baiskeli za mbio, anayekaa nyuma haoni barabara. Anaona mgongo wa aliye mbele yake na gurudumu lake, basi, maana kati yao hapapiti hata kiganja. Kwa hiyo aliye mbele ndiye macho ya wote. Akiona shimo, jiwe au mchanga, ananyosha mkono chini, upande kilipo. Wa nyuma yake naye ananyosha wake, na wa nyuma ya huyo vilevile, mpaka alama ifike mkiani. Hakuna anayefikiria. Hata nikiwa natembea zangu sokoni kwa miguu, nikikuta dimbwi mkono unataka kushuka wenyewe.

Jana tulikuwa wawili peke yetu, wenzetu tumewaacha kwenye kilima. Mvua ilikuwa imekatika. Wifi alikuwa anaimba nyuma yangu. Ni kawaida yake, akiwa na nguvu huwa anaimba. Nikawaza, mwenzangu anaimba na mimi napasuka kifua. Tukafika kalavatini. Dimbwi lilikuwa kulia, limetulia kabisa. Nikasogea kidogo nikalipita, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye kiti. Mkono wangu wa kulia ukabaki kwenye usukani.

Sikusema moyoni mwache aanguke. Naapa sikusema. Lakini sikusahau. Kuna kitambo kidogo pale ambapo mkono ulitaka kwenda na mimi nikaukalia. Kitambo kidogo sana, hata kupepesa jicho ni kirefu kuliko hicho. Wimbo ukakatika katikati ya neno.

Wa kwanza kumfikia nilikuwa mimi. Wa kwanza kulia nilikuwa mimi. Wenzetu walipotokea wakanikumbatia na kunipa pole, nami nikazipokea zote.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeenda hospitali. Njia nzima nilikuwa najiandaa. Nilijua ataniuliza kwa nini sikumwonyesha, na nilikuwa na majibu matatu, yote ya uongo.

Wifi yuko kitanda cha dirishani, mkono umefungwa kifuani, shavu limechubuka. Kaka yangu amekaa pembeni na nguo zake za kazini, ananuka gesi ya mafriji anayotengeneza, hajalala. Nilipofika akanyanyuka akanipa kiti. Akaniambia anajua ningeweza kuanguka mimi badala ya mkewe. Nikatazama sakafu.

Kaka alipotoka kutafuta chai, Wifi akanivuta karibu.

"Wifi, pale ulinyosha mkono gani?"

"Pale wapi?"

"Kalavatini. Wa kulia au wa kushoto? Maana nimelala hapa narudia na kurudia, siuoni. Na mkono wako naujua kuliko uso wako. Miaka yote nautazama huo na mgongo wako tu."

Hakuuliza kama nilinyosha. Hilo halikumpitia kichwani hata kidogo. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali lingine lote, sio hilo.

"Wa kulia," nikasema.

Akafumba macho. Akasema hata yeye alikuwa anatazama kulia, na hakuona kitu.

Shimo lilikuwa kosa la mara moja. Hili neno nimelitoa kinywani mwangu mwenyewe nikiwa nimekaa kwenye kiti cha kaka yangu.

Jumatatu, 17 Machi

Kocha amesema kapteni wa mbio sasa ni mimi. Wenzangu wakapiga makofi. Chiriku, yule msemaji wetu asiyekauka mate, ndiye atakayenikatia upepo. Nilitamani siku hii mpaka nikawa naiota. Nimefika nyumbani, baiskeli nimeiacha uani ikinyeshewa.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Shimo la kalavatini bado halijafukiwa.

Jumatatu, 24 Machi

Wifi amekwenda kupimwa macho, kwa sababu ya lile neno langu. Daktari kamwonyesha herufi mpaka zile ndogo kabisa za mwisho, akazisoma zote. Akamwambia ana macho ya msichana.

Nilidhani atafurahi, na mimi nipumue kidogo. Hapana. Amerudi amenywea zaidi. "Basi ni kichwa," ameniambia. "Kama jicho limeona na mimi sikujua, basi ni kichwa." Kaka akajaribu utani, akasema hicho kichwa kiliharibika siku kilipokubali kuolewa naye. Wifi hakucheka. Kaka akanitazama kama anayeomba msaada, nikajitia kutafuta viatu vyangu.

Jumamosi, 29 Machi

Baada ya mazoezi nimepitia kwao. Wifi kanipikia uji kwa mkono mmoja, amebana sufuria kwa kiwiko. Eti kapteni lazima ale. Nimeshindwa kumeza, nikasingizia jino.

Zamani nilikuwa namwona ana maringo. Leo nimemtazama anavyohangaika na kifuniko cha sukari, na hataki kusaidiwa, nikajiuliza hayo maringo nilikuwa nayaona wapi.

Ijumaa, 4 Aprili

Leo nilikuwa nimeamua. Nilikwenda kwao nimekaza moyo, sentensi iko mdomoni kabisa. Nikawakuta njiani, Wifi na binti yake, wanatoka dukani. Wamesimama ukingoni mwa barabara na hakuna gari. Mtoto akatazama huku, akatazama huku, akasema, "Twende mama," akamshika mkono akamvusha.

Wifi aliniona nimeona. Akajichekesha. Akasema siku hizi hajiamini, haoni vibaya mtoto akimsaidia. Kisha, mtoto alipotangulia, akaniambia jambo ambalo hata Kaka hajaambiwa: mbio zikishapita anamkabidhi Kocha jezi. Hapandi tena.

"Bora niondoke kabla sijamuua mtu kwenye kundi," alisema. "Wewe utaziba pengo langu. Unaweza."

Huyu mtu hajui kazi nyingine. Baiskeli ndiyo iliyomtoa kwao, ndiyo iliyomkutanisha na kaka yangu. Sentensi yangu ilikuwa mdomoni na ningeweza kuitoa pale pale, kando ya barabara. Nikamwambia asiwe na haraka, tutaongea baada ya mbio. Nikijisomea hapa najua kabisa kwamba huo ni ujanja. Ninaogopa nisije nikazikosa mbio. Ndiyo. Nimeandika.

Alhamisi, 10 Aprili

Chiriku ameniuliza kama naongoza magari. Eti kila kokoto naonyesha, kila jani. Nimemwambia tahadhari haiui.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua mpaka ndani. Bati la jikoni linavuja.

Jumamosi, 26 Aprili

Kesho. Kocha amempa Wifi nafasi kwenye gari la timu, atakaa naye mbele na kuongea nasi kwenye redio ya sikioni. Amefurahi mpaka kanitumia ujumbe wa sauti, ananiimbia. Sijausikiliza mpaka mwisho.

Jumapili, 27 Aprili

Nimeshinda.

Ngoja niandike kabla sijalala. Tulianza kwa manyunyu, watu wamejipanga barabarani na miavuli. Nilikaa nyuma ya Chiriku kama nilivyoagizwa, na kwa mara ya kwanza nikaonja maisha ya Wifi. Ni kweli, huko nyuma huoni kitu. Maji machafu yanakupiga usoni, unatazama mgongo wa mwenzako na unamwachia roho yako. Kila mara mkono wa Chiriku ulipoteremka, kulia, kushoto, kulia, nilijiona mwizi aliyekaribishwa ndani. Hakuacha kunionyesha hata shimo moja. Chiriku, ambaye hata sahani hakumbuki kuosha.

Kwenye vilima vya katikati kundi lilikatika. Chiriku akaishiwa, nikabaki na wachache, halafu na mmoja, mwanamke mrefu wa jezi ya kijani kutoka timu nyingine. Tukawa tunapokezana, huyu akate upepo, kisha yule. 

Tulipokaribia kalavati zamu ya mbele ilikuwa yangu. Waandaaji walikuwa wamezungushia lile shimo rangi nyeupe, lakini maji yalikuwa juu ya rangi. Redio ikakwaruza sikioni.

"Wifi." Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu anayesogelea mahali anapopaogopa. "Kalavati hilo. Shimo liko kulia. Pita kushoto, wifi yangu. Pita kushoto."

Nikanyosha mkono wa kulia mpaka chini, nikaushikilia pale kuliko inavyohitajika. Wa jezi ya kijani akapita salama. Nilimsikia nyuma yangu akisema ahsante.

Mpinzani wangu, mtu nisiyemjua hata jina, nilimpa bure nilichomnyima mke wa kaka yangu. Machozi yalinitoka hapo hapo, na mvua ikanisitiri.

Mlimani nilimwacha kwenye ile kona inayodanganya. Sikusikia raha yoyote. Nilikanyaga kama mtu anayekimbizwa, na labda ndiyo maana nilishinda. Watu wa mtaani kwetu walikuwa wamejaa mpaka kwenye ngazi za tangi. Wifi alishuka kwenye gari kabla halijasimama, akanikumbatia kwa ule mkono mzima, analia, anasema nimemshindia na yeye. Picha imepigwa. Kila mtu amenitumia.

Jumatatu, 28 Aprili

Kombe liko juu ya kabati. Nimelifunika na taulo.

Alhamisi, 1 Mei

Nimemwambia.

Nilimkuta jikoni anachambua maharage. Jezi zake zilikuwa zimekunjwa mezani, zimefuliwa, juu kabisa imewekwa ile ya ukapteni. Alikuwa ananisubiri nimsindikize kwa Kocha, hataki kwenda peke yake. Kaka alikuwa kazini, mtoto shule. Nikaona nikikaa nitashindwa, nikasema nimesimama mlangoni.

"Wifi, sikunyosha mkono."

Akainua uso. "Wa kulia?"

"Wala wa kushoto. Sikunyosha kabisa."

Vidole vyake viliendelea na maharage kidogo, vikasimama.

"Hukuliona."

Alinipa mlango wa kutokea, na alinipa kwa upole. Ningejibu ndiyo, yangeisha. Angerudi kwenye baiskeli, macho yake yangekuwa mazima, na mimi ningebaki kuwa mzembe tu, na mzembe husamehewa.

"Nililiona," nikasema.

Hakupiga kelele. Ningeshukuru angepiga. Aliuliza jambo moja tu, kama alikuwa anaimba. Nikamwambia alikuwa anaimba. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake kilichopotea lakini kimerudi kimevunjika. Kisha akachukua zile jezi, akazirudisha chumbani, nikasikia kabati likifungwa. Alipotoka akapita mbele yangu bila kunigusa, akafungua mlango wa nje, akasubiri nipite.

Ijumaa, 2 Mei

Kaka hapokei simu.

Jumanne, 6 Mei

Nimemwambia na Kocha. Nilibeba kombe kwenye mfuko. Alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa anafuta miwani ambayo haikuwa chafu. Amenivua ukapteni. Msimu huu wote nitakaa mkiani mwa kundi, niwe mtu wa chupa za maji. Kombe amekataa kulipokea. Alisema nikae nalo, nilione kila nikiamka.

Nimeondoa lile taulo.

Jumapili, 11 Mei

Kaka amekuja. Hakuingia ndani. Alisimama uani, akaangalia bati linalovuja, akasema litahitaji msumari mwingine. Nikamwambia kaka nisamehe. Akasema sio yeye niliyemwacha aingie shimoni. Akaondoka. Baadaye nimekuta msumari dirishani.

Jumatano, 14 Mei

Chiriku ameacha kuniongelesha. Chiriku. Ukimya wake unapiga kelele kuliko maneno yake.

Anasema, akiwaambia wengine nikiwa nasikia, kwamba Wifi amemaliza daktari na ameanza kupanda ile baiskeli isiyotembea, sebuleni. Nimeenda chooni nikalia kwa furaha, halafu nikaona sina haki ya kufurahi, nikanawa uso.

Jumanne, 20 Mei

Manyunyu tu. Mvua zinaaga.

Ijumaa, 23 Mei

Ujumbe kutoka kwa Wifi, wa kwanza tangu siku ile ya maharage. "Kesho asubuhi. Njia ya kalavati." Hakuna salamu, hakuna jina. Nimeusoma mpaka simu imeisha chaji.

Jumamosi, 24 Mei

Nilimkuta ameshafika, ameegemea baiskeli. Amekonda. Bega moja limebaki juu kidogo. Nilimsalimia, akaitikia. Nikapanda, nikajisogeza mbele kama kawaida yangu.

"Leo nakaa mbele mimi," alisema.

Nikampisha. Nikakaa kwenye gurudumu lake. Jua lilikuwa limetoka na lami ilikuwa kavu, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu. Hakuimba. Alikuwa mwoga kidogo kwenye mteremko wa kwanza, breki zilisikika, nikajua nani aliyemtia huo woga. Lakini alionyesha. Kila shimo, mkono chini. Kila ufa. Mawe ambayo hata mtoto angeyapita alinionyesha, mchanga kidogo wa pembeni alinionyesha, kibao kilichodondoka alinionyesha mara mbili. Na mimi kila mara nikanyosha wangu baada yake, kama inavyotakiwa, ingawa macho yalikuwa yamejaa na sioni vizuri. Nilitamani anitukane. Alikuwa ananilinda tu, shimo kwa shimo, njia nzima.

Tukafika kalavatini. Watu wa barabara wameshapita. Shimo limefukiwa, limepigwa lami mpya nyeusi, limelala sawa na barabara. Hapana kitu pale sasa cha kumwangusha mtu.

Wifi akapunguza mwendo. Akanyosha mkono wa kulia, ule wa upande uliovunjika, akaushusha mpaka chini na kuuacha pale.

Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Nikanyosha wa kwangu.